Kolandoto: Mgongo haunyooshwi na kioo

Simama kituo chochote cha daladala asubuhi, uwaangalie vijana wenzako. Mmoja kainamia simu utadhani anatafuta sindano kwenye mchanga. Mwingine kajikunyata, mabega yamepanda mpaka masikioni kama ana baridi, na hapo ni Dar, jasho linamtiririka. Wa tatu ndo yule bitozi: kifua mbele, kidevu juu, anatembea kama lami ni ya baba yake. Huyo mwambie nauli imepanda uone anavyonywea.

Sasa, mpenzi msomaji, kati ya hao watatu nani kasimama wima? Kwa maoni yangu, hakuna. Wawili wameinama kwa nje, na yule bitozi kainama kwa ndani.

Kusimama wima kwa kweli mimi nilikuona mbali kabisa na vioo vya saluni na vyumba vya mazoezi. Nilikuona Kolandoto, mkoani Shinyanga. Na kwa kuwa najua wengi wenu mkisikia Shinyanga mnawaza ng'ombe na almasi tu, ngoja niwapeleke taratibu.

KOLANDOTO NI WAPI?

Toka Dar kwa basi ni karibu kilometa elfu moja. Unapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, unakata kulia Tinde, halafu Shinyanga mjini. Ukishuka hapo mgongo wenyewe unakuuliza kama kweli safari imeisha. Mji unakupokea kwa baiskeli. Huko baiskeli ni teksi, abiria anakaa nyuma kwenye kiti cha sponji na dereva anakanyaga polepole bila haraka ya mtu. Baadaye unapanda haisi ya njia ya Mwanza, na kabla stori na jirani yako haijanoga, konda anagonga bodi: Kolandoto!

Ni kata ndani ya Manispaa ya Shinyanga, na ni njia panda. Barabara moja inaendelea Mwanza, nyingine inachepuka kwenda Mhunze, Lalago, mpaka Mwanhuzi. Nchi yenyewe imekaa wazi: mawe makubwa, migunga, mibuyu, na anga kubwa kuliko ile tuliyozoea sisi wa maghorofani. Ukiendelea kidogo na njia ya Mwanza unafika Maganzo, mlango wa kuingilia Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Upande wa magharibi kuna Kahama na Geita, kwenye dhahabu.

Kwa hiyo ukipaangalia vizuri, Kolandoto ipo katikati ya nchi ya watu wanaoinama. Anayechuma pamba anainama. Anayepandikiza mpunga anainama. Anayechimba dhahabu anainama kuliko wote. Ungetegemea kukuta watu waliopinda kama upinde. Basi bwana, sivyo.

Kinachoijulisha zaidi Kolandoto ni hospitali. Wamisionari wa Africa Inland waliianzisha mwaka 1913, na leo ipo chini ya kanisa la AICT. Zamani palikuwa pia na makazi ya wagonjwa wa ukoma, watu ambao makwao waliambiwa wakae mbali na kisima, mbali na chakula, mbali na watoto. Pembeni ya hospitali kuna chuo cha afya, na hicho chuo ndicho kilichonifikisha huko.

BINTI MREFU

Nilikuwa namsindikiza binti wa shangazi yangu aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Jina lake nalihifadhi. Ana miaka ishirini, ana akili za kutosha, na ana urefu ambao kwenye picha za familia unamweka mstari wa nyuma hata asipotaka. Shuleni walimpachika jina la "Mnara". Watoto waliimba, walimu wakacheka. Akiwa kidato cha pili akawa kashajua dawa yake: kujikunja. Magoti kidogo, mabega mbele, kichwa chini, mpaka akawa sawa na wenzake. Miaka sita ya kujikunja kila siku, mwili ukazoea. Akasahau kwamba alikuwa anajikunja.

Shangazi alihangaika. Alinunua Kariakoo ule mkanda wa mpira wa kuvuta mabega nyuma. Binti akauvaa wiki mbili, ukamchubua kwapa. Akapelekwa kwa mwalimu wa mazoezi, akaambiwa ajitazame kwenye kioo kila asubuhi na kujiambia kuwa yeye ni mrembo. "Kaka," aliniambia ndani ya basi, tukiwa tumeshapita Singida, "mimi nikijitazama kwenye kioo ndo naona vizuri kwa nini walinicheka."

Shangazi aliponiaga alisema neno moja tu: "Mwanangu, kamwangalie mwenzio. Mimi mgongo wake unaniumiza moyo kuliko wangu." Unaona uzito wake? Binti mwenye kujificha hivyo anakwenda kuwa muuguzi, kazi ya kusimama mbele ya watu walioogopa na kuwaambia, "Nipo hapa."

BIBI NA NDOO

Asubuhi ya kwanza tulitoka kununua mahitaji ya bweni. Mbele yetu akawa anakuja bibi mmoja, umri wa nyanya yangu, na ndoo ya lita ishirini kichwani. Chini ya ndoo kuna kata ya kitambaa. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini, mmoja umeshika kuku. Ndoo imejaa mpaka mdomoni na haimwagiki.

"Mwangaluka," nikajaribu Kisukuma changu cha kwenye basi.

"Mwangaluka," akajibu, akaona hapo hapo ni mgeni, akarudi kwenye Kiswahili. "Mnatoka wapi wanangu?"

"Dar es Salaam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyu mrefu mzuri ni mkeo?"

Tulicheka. Nikamwambia ni dada yangu, amekuja chuo. Halafu nikauliza lile ambalo kila wa mjini angeuliza: "Bibi, unafanyaje maji yasimwagike?"

"Ukiyawaza maji yatamwagika," akasema. "Waza unakokwenda." Akaendelea na safari yake, kuku mkononi.

Msomaji, usidhani namsifia bibi kwa sababu ya mandhari. Kuna wanasayansi waliolichunguza jambo hili hapo jirani Kenya. Mwaka 1986 kikundi cha watafiti akina Maloiy, Heglund na Taylor kiliandika kwenye jarida la Nature kuwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kipajini, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni kilo 12 za bure! Mwaka 1995 wakaeleza siri yake: mwendo wao unafanana na pembea, kila hatua inairithisha hatua inayofuata nguvu yake, kinachopotea kinapungua.

Sasa geuka ujiangalie wewe na simu yako. Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5. Ukikiinamisha nyuzi 60, vile tunavyochungulia simu, shingo inabeba mzigo wa kama kilo 27. Bibi wa Kolandoto kabeba ndoo ya kilo 20. Wewe umebeba kilo 27 za umbea! Na yeye shingo yake imenyooka.

Lakini tusidanganyane. Ndoo ya lita 20 ni zaidi ya zile kilo za bure, na mama anayebeba maji kutoka mbali miaka arobaini, shingo na mgongo vinamlipisha. Ndo maana bomba la maji ya Ziwa Victoria lilipofika Shinyanga na Kahama mwishoni mwa miaka ya 2000 watu walishangilia. Somo la bibi halipo kwenye ndoo. Lipo kwenye lile jibu lake. Mtu anayejiwaza jinsi anavyoonekana, anamwagika. Anayejua anakokwenda, mwili unajipanga wenyewe nyuma yake.

MGONGO WA DHAHABU

Mchana, kwenye benchi nje ya hospitali, nilikaa na kijana mmoja aliyeletwa kwa maumivu ya kiuno. Katoka machimbo ya Geita. Kafanya kazi zote za kule: kushuka duarani kwa kamba, kubeba viroba vya mawe mgongoni, kusaga kwenye makarasha, kuosha mchanga kwenye mwalo. Alinieleza kuwa ndani ya duara huna ubishi. Matimba yanayozuia mwamba yapo chini, unatembea umejikunja saa nzima, na mwenye kiburi mwamba unamgonga kichwa.

"Kule chini kuinama siyo aibu, kaka," akasema. "Aibu ni huku juu."

Nikamwomba afafanue. Akasema mwaka juzi walipata mawe mazuri. Mgawo ulipotoka alikuwa anatembea Geita mjini "kifua wazi", anaagiza meza nzima vinywaji, kila mtu anamwita bosi. "Mabega yangu yalikuwa huku," akanionyesha kwa mikono. Miezi mitatu baadaye duara likakata, mawe hayana kitu. Wale wale waliomwita bosi wakawa hawamwoni. "Nikaanza kutembea pembeni mwa barabara. Yaani pesa ilivyoisha na mgongo ukaisha."

Hili neno vijana tulishike. Wengi wetu tunasimama kwa kuegemea kitu: pesa, gari la kuazima, pamba mpya, kazi yenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, mpenzi anayesifiwa na washikaji. Kikiondoka, tunaanguka nacho. Kujiamini kwa namna hiyo kunapanda na kushuka kama bei ya dhahabu, na bei ya dhahabu haipangwi Geita wala Kolandoto.

KUINUA KICHWA SIYO UREMBO

Tena kwa nchi hii kuinua kichwa siyo suala la urembo. Kuna vikongwe wa Usukumani ambao kwa miaka mingi, hasa miaka ya 1990 na hata baada ya hapo, waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotajwa ulikuwa ni macho mekundu. Macho hayo waliyapata jikoni, kwenye moshi wa kuni na samadi, wakiwapikia hao hao wajukuu. Fikiria bibi anayetembea kichwa chini ili mtu asimwone macho. Utamwambia ajinyooshe kwa kioo?

Na kuna wenzetu wenye ualbino. Mashambulizi dhidi yao yalipotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia kama mwaka 2007, watoto wengi walikusanywa kwenye vituo ili wawe salama, na kimoja kinachojulikana ni cha Buhangija, hapo hapo Shinyanga. Mtoto mwenye ualbino huinama hata darasani, kwa kuwa macho yake yana uoni hafifu na inabidi apeleke uso karibu na daftari. Halafu akitoka nje anainama tena kwa hofu. Kwa hiyo mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir alipoteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Khalfan Barwani aliposhinda ubunge Lindi Mjini kwa kura, watoto hao walimwona mtu kama wao amesimama mbele ya taifa zima. Mgongo mmoja ukinyooka, mingine inapata pa kutazama.

Ndiyo, mtu anajengwa kutoka ndani, lakini ndani ya mtu hakujengeki peke yake. Kabla hujamwambia mwenzio "jiamini bwana", jiulize kama wewe na maneno yako siyo mzigo anaoubeba.

SISTA MSTAAFU ASEMA

Jioni tulikaribishwa kwa mama mmoja, muuguzi mstaafu, rafiki wa shangazi toka ujana wao. Tukala ugali, mlenda na maziwa mgando, na baada ya chakula akaleta matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Nikamweleza habari ya mgongo wa binti. Hakumwangalia binti mgongo. Alimuuliza maswali.

"Unaumwa mgongo usiku? Unapata homa za jioni? Umepungua uzito? Miguu inakufa ganzi?"

Binti akajibu hapana kwa yote.

"Basi hilo kwanza tumshukuru Mungu," mama akasema. Halafu akatuelimisha. Kuna migongo inayopindwa na ugonjwa: kifua kikuu kinachokula uti wa mgongo, mifupa ya wazee inayolika, kibyongo cha kuzaliwa au cha kukulia. Hiyo dawa yake ni hospitali, na mapema. "Nimeona watu wanaombewa mgongo mwaka mzima, na ni TB. Tungewapata mapema wangepona wamenyooka." Kisha akasema na hili: "Na nimeona wenye vibyongo waliosimama wima kuliko askari. Kwa hiyo usipime mtu kwa rula."

Akamgeukia binti. "Wewe mgongo wako hauumwi. Unaomba radhi. Unamwomba radhi nani?"

Binti alikaa kimya. Kisha machozi yakamtoka, yale ya kimyakimya. Mama hakumbembeleza kwa maneno mengi. Alimsogezea bakuli la matobolwa, akasema kesho aende naye wodini akawasalimie wagonjwa.

WANAOPIGA MAGOTI

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Pale kanisa lipo jirani, na asubuhi nyimbo zinasikika mpaka barabarani. Wale mnaosoma Injili ya Luka mnaikumbuka habari ya mwanamke aliyepinda mgongo miaka kumi na minane, hawezi kujiinua. Kinachonigusa mimi kwenye habari ile ni kwamba yeye hakuomba. Alionwa kwanza, akaitwa, ndipo akanyooka. Na mkuu wa sinagogi akakasirika kwamba siku iliyochaguliwa haikufaa! Watu hawajaanza leo kuudhika mwenzao akinyooka.

Ndugu zangu Waislamu nao wanajua jambo hili kwa mwili wenyewe. Ukitoka kwenye rukuu unasimama itidali, kila mfupa urudi mahali pake, utulie, ndipo uende kwenye sijida. Ukirukaruka kama kuku anayedonoa, sala yako ina walakini. Mara tano kwa siku mtu anainama kwa Mmoja, na kila akiinama anarudi wima.

Nikawatazama pia akina mama wa Kisukuma wanavyosalimia wakubwa kwa kupiga goti. Najua baadhi ya dada zangu wa mjini mtanirukia hapo, na mjadala wa nani apige goti na nani asipige upo na ni halali. Mimi nasema nilichokiona: yule mama akishasalimia anainuka, anajitwika mzigo wake, na hakuna hata dalili ya unyonge mgongoni mwake. Alichagua wapi pa kuinama. Sisi wa mjini hatupigi goti kwa mtu, lakini tunainama siku nzima: kwa bosi, kwa picha za watu tusiowajua, kwa maneno ya waliotucheka darasa la sita.

Kukua kiroho, jinsi nilivyokuelewa pale, ni kumaliza ile kesi. Unajua nani mwenye haki ya kukuhukumu, unapeleka shauri lako huko, wengine wote unawasalimia tu.

JE, UJITUTUMUE?

Kuna watakaoniuliza kuhusu ile elimu ya kwenye video, simama dakika mbili mikono kiunoni kama shujaa wa sinema, utajiamini. Ilitokana na utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 wa Dana Carney, Amy Cuddy na mwenzao, waliosema mkao huo unabadilisha hata homoni. Mwaka 2015 watafiti wengine, akina Eva Ranehill, waliurudia kwa watu 200. Homoni hazikubadilika. Waliosimama kishujaa walisema tu kwamba wanajisikia wenye nguvu zaidi. Mwaka 2016 Carney mwenyewe akatangaza kuwa haamini tena kwamba jambo hilo lipo kweli.

Kwa hiyo mwili unaweza kukunong'oneza neno la kutia moyo asubuhi, na siyo vibaya ukausikiliza. Ila hauwezi kukujengea nyumba. Ukifika mtihani wenyewe, unasimama kwa kile kilichomo ndani.

Mfano mzuri anao Shinyanga yenyewe. Flaviana Matata alizaliwa mkoa huu. Mama yake alifariki kwenye ajali ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, Flaviana akiwa mtoto. Alisoma ufundi wa umeme Arusha. Mwaka 2007 akawa Miss Universe wa kwanza wa Tanzania, akaenda Mexico City na kichwa kilichonyolewa, katikati ya warembo wenye nywele mpaka kiunoni, na akaingia kumi bora ya dunia. Hebu kumbuka mwendo wake jukwaani. Hakuna nywele za kujifichia, hakuna pa kuegemea. Baadaye akaanzisha taasisi ya kuwasaidia wasichana wasome. Msichana wa kwetu mwenye mzigo wa kutosha kumpinda mtu yeyote, na shingo ile!

HABARI YA BINTI

Mnataka kujua yaliyompata Mnara wetu. Hakuna muujiza. Ile siku ya wodini mama mstaafu alimpeleka kwa wagonjwa wa kike, wakapita kitanda kwa kitanda. Kulikuwa na mgonjwa mmoja mzee aliyetaka dirisha la juu lifunguliwe, na komeo lake lipo juu, wauguzi huwa wanatafuta kigoda. Binti alinyoosha mkono tu. Komeo likafunguka, upepo ukaingia. Yule mzee akasema, "Wabeja, mwanangu. Mungu alijua." Wodi nzima ikacheka, na hakuna aliyekuwa anamcheka yeye.

Nilimwona anashusha mkono taratibu. Mabega hayakurudi mbele.

Yalirudi kesho yake, na keshokutwa. Lakini aliporudi Dar likizo ya kwanza, shangazi alinipigia simu usiku. "Mwanangu, njoo umwone. Anagonga kichwa kwenye taa ya sebuleni!" Alikuwa analia na kucheka. Nilipomuuliza binti kafanya mazoezi gani, akashangaa. Akasema huko hakuna muda wa kujitazama. Kuna watu wanakusubiri, na anayesubiriwa hawezi kufika amejificha. Asubuhi husali kidogo kabla ya zamu, kisha anatoka. Basi.

SASA WEWE

Kwa wale mnaopenda mambo ya kukata na kubandika, haya hapa.

Kwanza, kama mgongo unauma usiku, una homa, unakonda au miguu inakufa ganzi, kamuone daktari wiki hii. Usisubiri maombi yaishe.

Pili, inua simu ije usoni, usipeleke uso kwenye simu. Ukikaa kazini, inuka kila nusu saa utembee hatua chache. Jaribu kutembea chumbani na kitabu kichwani, bila kukiwaza, macho mbele.

Tatu, litafute lile jina. Kila aliyepinda ana jina alilopachikwa: Mnara, Kibonge, Mweusi, Maskini. Likishajulikana, mwulize yule sista: unamwomba radhi nani? Ukimpata, msamehe, uache kumlipa kila siku kwa mgongo wako.

Nne, tenga muda wa kukaa kimya mbele za Mungu wako kila siku, hata dakika kumi, usiombe gari wala mchumba. Kaa tu ujue unajulikana.

Tano, tafuta mtu anayekuhitaji. Dirisha lililo juu lipo kila mahali, na pengine komeo lake linalingana na mkono wako.

Na ukipata nauli, nenda Shinyanga, upande haisi mpaka Kolandoto, ukae kwenye kivuli cha mgunga saa ile ya jioni akina mama wanapotoka sokoni na mizigo kichwani. Ukisalimiwa "mwadila", itikia vizuri. Uangalie wanavyopita, halafu upande basi urudi mjini ukiwa umekaa sawasawa. Wiki njema.